Chumba Kidogo si Anasa

Kila ofisi kubwa katika mji wetu wa Kampala ina ukumbi wake wa mikutano. Mgeni wa heshima akifika hupelekwa huko kwanza, akaone meza ndefu ing'aayo, viti hamsini au sitini vilivyopangwa kwa safu, mapazia mazito na skrini kubwa ukutani. Hiyo ndiyo fahari ya nyumba. Lakini mgeni huyo akithubutu kuuliza, "Na watu wawili wenye neno lao huketi wapi?", wenyeji watatazamana. Mmoja atasema huketi mkahawani. Mwingine atasema husimama kwenye ngazi. Wa tatu, aliye mkweli kuliko wenzake, atasema neno hilo husubiri.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu maneno yanayosubiri. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa chumba kidogo cha mazungumzo, chenye nafasi ya watu wawili hadi sita, mlango unaofungika na chombo kimoja cha kuwasiliana na aliye mbali, si anasa ya makampuni ya kigeni, bali ni chombo cha kazi kama lilivyo faili na kalamu. Na ya kuwa tangu tulipoingia katika utaratibu wa kufanya kazi siku nyingine ofisini na siku nyingine nyumbani, kukikosa chumba hicho kumekuwa hasara tunayoilipa bila kuiandika katika hesabu zetu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilikuwa na kazi ya kupeleka mbegu za mahindi na karanga kwa vikundi vya wakulima wa kaskazini. Tuliitwa mkutanoni watu watano. Wanne tuliketi upande mmoja wa ule ukumbi mkubwa. Wa tano, mwenzetu aliyekuwa Gulu, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala, aliingia kwa njia ya mtandao. Kompyuta iliyobeba sauti yake iliwekwa katikati ya meza, hatua sita kutoka kwa mwenyekiti. Ukumbi ulirudisha kila sauti kama kisima. Mara tatu mwenzetu alianza kusema, na mara tatu alikatwa na mtu aliyekuwa ukumbini, ambaye hata hakujua kuwa anamkata. Mwishowe tulikubaliana malori yaondoke mwisho wa mwezi, tukafunga mkutano tukipongezana kwamba umekwisha mapema.

Jioni nilipokea ujumbe wake. "Mzee, nilisema mara tatu," aliandika. "Huku mvua imeanza kabla ya siku zake. Mbegu zikija mwisho wa mwezi zitakuta watu wamekwisha panda walichonacho." Asubuhi nilimpelekea mwenyekiti ujumbe huo, lakini barua ya malori ilikuwa imekwisha tiwa sahihi, na katika ofisi yetu barua iliyotiwa sahihi hairudi mezani kwa urahisi. Ikawa kama alivyosema. Wakulima walipokea mbegu wakati jirani zao wanapalilia. Wengine walizipanda kwa kujaribu bahati, wengine waliziweka hadi msimu wa pili. Hakuna mtu mwovu katika habari hii, nami nilikuwa mmoja wa wale wanne walioketi pale.

Tulikuwa watu watano katika ukumbi wa watu sitini. Laiti tungaliketi katika chumba cha watu sita, sauti ya Gulu ingalikuwa masikioni mwetu na uso wake mbele yetu, kama mtu mmoja zaidi kando ya meza. Jambo hili lina sababu yake katika maumbile ya sauti. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, nguvu ya sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6 hivi. Lakini ndani ya ukumbi wenye kuta tupu na sakafu ya vigae, mwangwi hauna mahali pa kwenda. Hurudi na kujaa pande zote. Kwa hiyo kipaza sauti kilicho mbali na mdomo hupokea mwangwi mwingi na maneno machache. Aliyemo ukumbini hasumbuki, kwa maana Mungu amempa masikio mawili na akili ya kuchagua sauti aitakayo. Aliye mbali husikia vyote vikiwa vimechanganyika, na baada ya nusu saa huchoka, akanyamaza.

Yafaa tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Ugonjwa wa Korona ulithibitishwa kuingia Uganda mwezi Machi 2020, na kabla mwezi huo haujaisha usafiri ulikuwa umesimamishwa na watumishi wengi wamebaki nyumbani na kompyuta zao. Wengi walidhani ni jambo la kupita. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ule ugonjwa si dharura ya dunia tena, lakini namna ya kufanya kazi iliyozaliwa ndani yake haikuondoka nao. Mpaka leo hupita siku chache bila mkutano ambao ndani yake mtu mmoja yuko Mbarara, mwingine yuko nyumbani Ntinda, na waliobaki wako mezani. Huo ndio utaratibu wa kazi ya mseto. Tumeupokea bila kubadilisha hata ukuta mmoja wa majengo yetu.

Majengo hayo yana historia yake, na historia hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 1906, katika mji wa Buffalo nchini Marekani, lilifunguliwa jengo la kampuni ya Larkin lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright, ambamo makarani waliketi kwa safu katika ukumbi mmoja mkubwa, wakionekana wote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili wa Kijerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walieneza wazo la ofisi isiyo na kuta, wakitumaini kwamba mazungumzo yatatiririka kama maji. Mwaka 1968 Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller alitoa mpango wa vigawanyo vyepesi ili kila mtu awe na mahali pake. Wenye mali wakauchukua wakaufanya visanduku vilivyobanana, jambo ambalo Propst mwenyewe alilijutia baadaye. Kila mmoja wa watu hao alitaka kuwasaidia wafanya kazi. Hata hivyo kila mara kilichobaki ni meza nyingi mahali pamoja, na ukumbi mmoja wa heshima mwishoni mwa ujia.

Tumaini la kwamba kuondoa kuta huleta mazungumzo lilikuja kupimwa. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika makampuni mawili yaliyobomoa kuta zake. Waliwavisha wafanya kazi vyombo vidogo vya kupima nani anazungumza na nani, kabla ya mabadiliko na baada yake. Walikuta kwamba mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa asilimia 70 hivi, na barua za kompyuta zikaongezeka. Kwa hakika hili halipaswi kumshangaza mtu yeyote aliyewahi kuketi katika ofisi ya namna hiyo. Mtu akijua kuwa watu arobaini wanamsikia, huvaa vipokea sauti masikioni na kumwandikia mwenzake aliye meza ya tatu.

Sasa tutazame namna kazi ya mseto inavyoligeuza jambo hili. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa Nicholas Bloom na wenzake juu ya wafanya kazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com nchini Uchina. Nusu yao waliruhusiwa kufanya kazi nyumbani siku mbili katika juma. Ilionekana kwamba kazi yao haikuharibika, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa theluthi moja. Tukikubali hivyo, basi swali linalobaki ni hili: mtu huyo anapopanda matatu au bodaboda kuja mjini siku zile zilizobaki, anakuja kufanya nini? Kusoma mafaili na kuandika taarifa angeweza kufanya alikotoka. Anakuja kwa ajili ya mambo yasiyowezekana akiwa peke yake: kushauriana, kufundishwa, kukosolewa, kupatana na mwenzake waliyekosana, kusema na mkubwa wake juu ya jambo zito. Ofisi inayompa meza katika safu na ukumbi wa watu sitini inampa kile alichokwisha kuwa nacho, na inamnyima kile alichokifuata.

Hapa kwetu uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi kuliko ng'ambo. Mtumishi wa London anaposema anafanya kazi nyumbani, mara nyingi ana chumba cha kufanyia. Wengi wetu tunaishi katika vyumba viwili pamoja na watoto, shangazi na redio ya jirani. Gharama ya mtandao huitoa mtu mfukoni mwake, na tangu Julai 2021 vifurushi vya intaneti viliwekewa ushuru wa asilimia 12. Kwa mtu kama huyo, chumba kidogo tulivu chenye mlango, meza na mtandao wa ofisi si kitu cha kujionyesha. Huenda ndicho mahali pekee ambapo ataweza kusikilizwa mpaka mwisho wa sentensi yake.

Wako watakaoniambia kwamba wahenga walisema penye wengi haliharibiki neno. Nami nasadiki. Lakini neno haliwezi kuharibika wala kutengenezwa ikiwa halikusemwa. Mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alitangaza mwaka 1913 majaribio aliyoyafanya ya watu kuvuta kamba. Aliona kwamba kila walipoongezeka wavutaji, kila mmoja alivuta kidogo zaidi kuliko alivyovuta peke yake. Walipokuwa wanane, nguvu ya kila mmoja ilikuwa kiasi cha nusu tu. Wengine hawakuvuta pamoja na wenzao, wengine waliwaachia wenzao. Mwingereza C. Northcote Parkinson naye, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliandika kwa mzaha wenye kweli ndani yake kwamba baraza likifikia watu ishirini hivi huacha kuwa baraza, na maamuzi huhamia kwa wachache wanaokutana pembeni kabla yake. Sisi sote tumehudhuria mikutano ya namna hiyo. Wanne husema, kumi huitikia, na waliobaki hutazama simu zao chini ya meza. Na mara nyingi anayejua ukweli wa jambo ni karani kijana aliye nyuma kabisa, kwa maana siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata haisemi mbele ya watu sitini.

Liko pia jambo la heshima ya mtu. Nimeshuhudia mama mmoja, mtumishi wa miaka mingi, akimweleza msimamizi wake habari za ugonjwa wake kando ya mashine ya kunakilia, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mashine ilikuwa na sauti kubwa, msimamizi hakusikia, akamwambia arudie. Alirudia. Kufika saa ya chakula ofisi nzima ilikuwa inajua. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, na mwaka 2019 nchi ilitunga sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Tunanunua makabati ya chuma yenye kufuli ili kutunza karatasi zenye habari hizo. Je, ni haki tufungie karatasi, na mwenye habari tumwache azieleze kwenye ujia?

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, kwa kuwa si hoja za kipuuzi. Ya kwanza husema kwamba vyumba vidogo ni vyumba vya njama, rushwa na mambo ya aibu. Hofu hii ina msingi, hasa kwa upande wa wasichana wanaoanza kazi. Dawa yake ni kioo. Mlango uwe na kioo cha kutosha kumwona aliyemo, huku ukuta ukizuia maneno yake. Na chumba kiwe mahali panapopitwa na watu, si mwisho wa ujia wenye giza. Anayetaka kula rushwa hajazuiwa na ukosefu wa chumba hata siku moja. Ana gari lake na hoteli zake. Asiye na mahali ni yule anayetaka kuitoa habari ya rushwa hiyo.

Hoja ya pili ni fedha. Kodi ya ofisi katikati ya Kampala si ndogo, na kila mita ina bei yake. Lakini chumba ninachokisema hakizidi mita tatu kwa tatu. Ukumbi mmoja wa watu sitini ungetoa vyumba kadhaa vya namna hiyo, na ukumbi wenyewe ukabaki na nafasi ya watu ishirini na tano. Tena karibu kila ofisi ya zamani ina stoo iliyojaa viti vilivyovunjika miguu, kompyuta zilizokufa na mafaili yaliyopaswa kupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka miaka mingi iliyopita. Viti hivyo tunavilipia kodi kila mwezi. Vitolewe, madirisha yafunguliwe, ukuta upakwe chokaa, na chumba cha kwanza kitakuwa kimepatikana.

Hoja ya tatu naiogopa zaidi, nayo ni kwamba chumba kitapata mwenyewe. Afisa mmoja ataingia na koti lake, atalitundika nyuma ya mlango, kesho ataleta picha ya watoto wake, na baada ya juma moja watu wataanza kupiga hodi. Kwa hiyo kanuni ziandikwe tangu siku ya kwanza: chumba hakina mwenyewe, hakuna anayekikalia zaidi ya saa mbili, daftari liko mlangoni na kila mtu hujiandikisha, mkurugenzi na mhudumu vilevile, na aliyejiandikisha asipofika katika dakika kumi, nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Yako pia mambo matatu ya ufundi yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza ni sauti. Pazia zito la kitenge, zulia au mkeka sakafuni, na rafu ya vitabu ukutani hunywa mwangwi vizuri. Panapokuwa na paa la mabati, dari ni lazima, la sivyo mvua ya saa nane itafunga kila mkutano. Pili ni mahali pa kipaza sauti na kamera: viwe karibu na wasemaji, na kamera iwe kimo cha macho, ili aliye mbali aone nyuso na si dari. Tatu ni hewa, nalo ndilo linalosahauliwa. Mtu aliyeketi hutoa kiasi cha lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa. Watu wanne katika chumba cha mita tatu kwa tatu kilichofungwa kabisa wataongeza kiasi cha sehemu 3,000 kwa milioni katika saa moja, na hali hewa ya nje ina sehemu 420 hivi, na wataalamu wengi wa majengo huona kuwa zikipita 1,000 hewa haibadilishwi vya kutosha. Hapo ndipo watu huanza kupiga miayo na kulaumu chakula cha mchana. Tundu la hewa juu ya mlango na dirisha lifungukalo vyatosha kuondoa lawama hiyo.

Na iwekwe kanuni moja ya adabu iliyo kubwa kuliko vyombo vyote: pakiwapo mtu mmoja aliye mbali, yeye huulizwa kwanza. Katika desturi zetu mgeni aliyetoka safari ndefu hapewi nafasi ya kusema baada ya wenyeji kumaliza chakula. Aliye Gulu, Arua au Kabale ametoka safari ndefu zaidi, ingawa mwili wake umebaki huko, na mara nyingi yeye ndiye anayeiona kazi inakofanyika.

Sisemi kwamba kumbi kubwa zifungwe. Yako mambo ya kutangazwa mbele ya wote, na wafanya kazi wana haki ya kumwona mkubwa wao akijibu maswali hadharani. Ninalosema ni kwamba tumejenga mahali pa kutangazia maamuzi, tukasahau kujenga mahali pa kuyafikiria.

Basi wakuu wa idara, mashirika na makampuni ambao mwaka huu wataketi kupanga bajeti ya majengo, nawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kuagiza viti vingine vya ukumbi, mtembee katika ofisi zenu saa nne asubuhi, mhesabu watu mtakaowakuta wakizungumza kwenye ngazi, kwenye ujia na ndani ya magari yaliyoegeshwa. Hao ndio watakaowaambia mnahitaji vyumba vingapi. Mwenzetu wa Gulu bado yuko kazini, na msimu wa mbegu huja kila mwaka. Kila mvua zinapokaribia humpigia simu mimi mwenyewe, mapema, nikiwa nimeketi ndani ya gari langu na vioo vimepandishwa, kwa sababu ofisini bado hakuna chumba.